Umemnasa kasa mwenye "hereni"? Soma hii kabla hujamuachia

Juzi kati jamaa yangu mmoja wa Tongoni kanipigia simu saa kumi na moja alfajiri, anahema, upepo unavuma mpaka simsikii vizuri, anasema "kaka nimemtoa kasa kwenye jarife, ule wavu mkubwa wa kutega, mzima kabisa, ila ana kitu kama hereni mkononi, kina maandishi, nifanyeje?" Nikaanza kumuelekeza, mtandao ukawa unakata, nikarudia, ukakata tena. Nikasema haya mambo yakibaki kichwani kwangu na kwenye daftari la BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe na uvuvi) hapa Kigombe tutakuwa tunapoteza kila siku. Basi nayaandika, yasomwe na wavuvi wa Tanga mjini, Mkinga, Muheza mpaka Pangani, na ndugu zetu wa Vanga na Shimoni kule Kenya wayasome pia, maana kasa tunaemuachia sisi leo ndo wao wanakutana nae wiki ijayo.

Hiyo hereni ni kibati kidogo cha madini yasiyoshika kutu, kinabanwa kwenye ukingo wa nyuma wa mkono wa mbele wa kasa, kweli kabisa kinafanana na hereni za ng'ombe. Watafiti wanaita tagi. Upande mmoja kuna herufi na namba, upande wa pili kuna anuani ya waliomvalisha. Kuna wengine wanabandikwa kisanduku chenye waya mfupi mgongoni, hicho ni mtambo wa satelaiti, usikibandue hata kama kimeota magome, kinaweza kuwa bado kinatuma.

Kwa nini nalivalia njuga jambo hili? Kasa jike akikomaa, na hapo ni miaka mingi sana, anaweza kufika 20, 30 na zaidi, anarudi kutaga maeneo yale yale alikozaliwa, akimaliza anaondoka kwenda kula sehemu nyingine kabisa, mamia ya kilomita, wengine wanavuka elfu. Kasa waliofungwa mitambo kwenye visiwa vya huko Komoro na Mayotte walipofuatiliwa, wengi walikuja kulisha kwenye majani ya bahari ya pwani hii ya Afrika, Tanzania tukiwemo. Na duvi, yule kasa mwenye kichwa kikubwa, huku kwetu hatagi, anapita na kula tu, mazalia yake yako kusini huko, pwani ya KwaZulu-Natal Afrika Kusini na Msumbiji. Afrika Kusini wameanza kuwavalisha vibati tangu 1963! Sasa fikiria watu wamelinda ufukwe wao miaka yote hiyo, usiku kwa usiku, halafu mnyama wao anazama kwenye jarife letu hapa Mwarongo na hakuna anaejua, wao wanaendelea kuhesabu tu na kushangaa mbona hawarudi.

Mikataba ipo, tena ya siku nyingi. Mkataba wa Nairobi wa 1985 una nchi 10, kuanzia Somalia mpaka Afrika Kusini, pamoja na visiwa vyote vya huku na Ufaransa kwa sababu ya Réunion na Mayotte. Kuna makubaliano ya kasa wa Bahari ya Hindi na Asia ya Kusini Mashariki, IOSEA, yalianza 2001 na Tanzania imesaini. Lakini aliyesaini hayuko baharini saa kumi na moja alfajiri, uko wewe.

Kwanza kabisa, uhai wake. Kibati kinasubiri, pumzi haisubiri. Kasa anavuta hewa kama mimi na wewe, akikaa kwenye jarife usiku kucha anazama. Ukimtoa amelegea, shingo imening'inia, macho hayachezi, USIMTUPE MAJINI ukidhani ndo unamuokoa, atazama moja kwa moja. Na usiseme kafa. Mlaze kwa tumbo, usimgeuze chali, mnyanyue upande wa nyuma kama sentimita 15 au zaidi kidogo, sisi tunakunja tanga au tunaweka boya chini ya gamba, ili maji yatoke mapafuni yashuke kwenda mdomoni. Mfunike kitambaa kibichi, mweke kivulini, usimmwagie maji puani. Kuna wanaoamka baada ya saa moja na kuna wanaochukua masaa mengi, maelekezo ya wataalamu ni kumpa mpaka masaa 24 kabla hujakata tamaa. Mguse taratibu karibu na jicho au mkia, akifinya kidogo tu yupo hai. Akianza kunyanyua kichwa na kupiga mikono kwa nguvu, zima injini, toa nyavu zote majini, mshushe kichwa mbele pole pole.

Kama katoka mzima ana nguvu zake basi una dakika chache tu, usimkalishe chomboni kwa ajili ya selfi, na usimlete nchi kavu kuwaonyesha watoto. Sheria yetu hairuhusu kumvua wala kukutwa nae, kwahiyo kumbukumbu zichukuliwe pale pale na aachiwe pale pale.

Haya, kibati chenyewe. Angalia mikono YOTE MIWILI, mara nyingi wanavalishwa viwili maana kimoja huwa kinachomoka, na kama kuna tundu au kovu ukingoni bila kibati andika pia, hiyo nayo ni habari. Kitakuwa na ukoga na vigome, sugua kwa kidole au kipande cha kumbi la nazi, sio kisu, kisu kinafuta maandishi. Halafu soma herufi moja moja kama unamsomea mtu namba ya vocha. Sifuri au herufi O? Moja au herufi I? Nane au B? Kama huna uhakika andika zote mbili na useme huna uhakika, usibahatishe, maana herufi moja ikikosewa kasa wa Shelisheli anageuka kuwa wa Afrika Kusini na hakuna wa kuligundua hilo kosa. Piga picha upande wa namba, geuza kibati taratibu upige na upande wa anuani. Picha mbili za kibati, moja ya kasa mzima kutoka juu, moja ya kichwa kwa ubavu. Nne zinatosha.

Na jamani usikitoe! Nimeona watu wanakichomoa kwa koleo wakidhani wanatakiwa kukirudisha kwenye ile anuani. Kwa kasa mzima hapana, ukikitoa umemfuta kwenye daftari. Kwa aliyekufa kiache mpaka BMU au afisa uvuvi waone kwanza, wao ndo waseme.

Ni kasa gani? Hapa majina yetu ya pwani yanatosha kabisa, ila kila kijiji kina lake kwahiyo ongeza na alama. Hesabu magamba makubwa ya pembeni, upande mmoja tu, yale yaliyo kati ya msitari wa katikati ya mgongo na vile vidogo vya ukingoni. Manne, na kichwa kimeviringa: huyo ni kasa wa kawaida, wenyewe wanamwita kasa wa kijani. Manne lakini magamba yamepandana kama vigae na mdomo umechongoka kama wa kasuku: ng'amba. Matano, kichwa kikubwa, rangi ya udongo mwekundu: duvi. Sita na kuendelea, mdogo, gamba karibu duara: kigome. Hana magamba kabisa, ngozi nyeusi yenye mistari ya kunyanyuka kutoka shingoni mpaka mkiani: noa, na huyo ukimuona umebahatika. Wanaotaga huku kwetu Tanzania ni kasa wa kawaida na ng'amba.

Kipimo: chukua futi ya fundi cherehani, ile ya kitambaa, sentimita mia moja na hamsini inatosha kwa wengi wao. Anzia pale katikati nyuma ya shingo gamba linapoanzia, lalia mgongo ukifuata mviringo wake, ishia nyuma katikati. Andika sentimita na uandike kwamba umepima kwa kufuata mviringo, kwasababu wengine wanapima kwa kigongo kilichonyooka na vipimo viwili hivyo havilingani. Huna futi? Pima kwa kamba, ifunge fundo, ukapime nyumbani. Mkia mrefu unaotokeza sana nje ya gamba ni dume mkubwa, mfupi inaweza kuwa jike au mtoto, usiandike jike kama hujui.

Sasa nafika kwenye kitu ambacho kiliniponza mimi mwenyewe na ndo maana nitakaa hapa kidogo. Kibati changu cha kwanza niliandika "Kwale, saa 2, tarehe 5/6" nikapeleka ofisini (ofisi sitaitaja) nikangoja. Miezi. Nikaenda kuuliza, karatasi haionekani. Niliumia sana, lakini baadae nilipokuja kufundishwa kujaza fomu nikaona hata isingepotea ingekuwa haina maana. Kwale ipi? Kuna Kwale ya Mkinga huku kwetu, kuna Kwale ya Kenya hapo ng'ambo ya mpaka na ni kaunti nzima, na kuna kisiwa cha Kwale huko Mkuranga. Saa 2 mimi nilimaanisha asubuhi jua limetoka, mtu wa Komoro au Réunion akisoma anaona saa nane za usiku. 5/6 ni Juni au ni Mei? Inategemea nani anasoma. Kwahiyo kwa taarifa inayovuka mpaka: saa andika kwa mtindo wa 24, yaani saa mbili asubuhi ni 08:00, mwezi uandike kwa jina lake, mwaka usiuache, na mahali weka namba za ramani. Simu ya tachi inatoa hata bila bando ukiwasha lokesheni, bonyeza na ushikilie pale ulipo kwenye ramani namba zinatokea. Hapa Kigombe ya kwanza inaanza na -5 au 5 S maana tuko kusini ya ikweta kama digrii tano, ya pili inaanza na 39, ila kwa Moa na Vanga ya kwanza inaanza na -4, na kwa Pangani ya pili inaweza kuanza na 38. Ukisahau ile alama ya kutoa kasa wako anahamia kaskazini ya ikweta, nchi kavu kabisa, kusini mwa Ethiopia. Na ukiwa na simu ya kitochi taja mwamba, kijiji, wilaya na nchi, na umbali kutoka ufukweni.

Ujumbe wangu sasa hivi nautuma hivi, unaweza kunakili:

"Kasa mwenye kibati. Nchi: Tanzania, Tanga, Muheza, Kigombe. Mahali: -5.____ , 39.____ . Tarehe: 14 Februari (na mwaka), 05:40. Kibati mkono wa kushoto: ______ , wa kulia: hakuna, kuna kovu. Anuani iliyoandikwa: ______ . Aina: ng'amba, magamba ya pembeni 4. Urefu kwa mviringo: __ cm. Kanaswa kwenye: jarife, maji kama pima 8. Hali: mzima, kaachiwa hapo hapo. Picha 4. Aliyemkuta: mvuvi, jina lipo BMU."

Jina la mvuvi na namba yake vibaki BMU, sio kwenye grupu la watu mia mbili, watu wana hofu zao na tuziheshimu.

Nani umtumie. Anza na BMU yako, wao wampe afisa uvuvi wa wilaya. Ukiwa ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, ambayo tangu 2009 inaanzia upande wa Pangani mpaka kaskazini kidogo ya jiji, ofisi ya hifadhi nayo ipate. Shirika la Sea Sense wanashughulika na kasa nchini na wana kumbukumbu za miaka, wao wanajua kibati gani ni cha nani, na TAFIRI ndo taasisi ya serikali ya utafiti wa uvuvi. Halafu, na hii ndo hatua watu wengi wanairuka, ile anuani kwenye kibati waandikie wewe mwenyewe au mwambie kijana mwenye barua pepe awaandikie, nakala kwa afisa uvuvi. Kiingereza cha kuungaunga kinatosha, Komoro na Réunion Kifaransa wanapenda zaidi ila namba ni namba. Tuma kwa wote kwa pamoja ili kila mmoja aone mwenzake kapata, taarifa iliyo kwa mtu mmoja huwa inalala kwake.

Na fuatilia. Wiki mbili kimya, kumbushia. Mwezi kimya, kumbushia tena kwa heshima. Cha pili nilichowahi kuripoti jibu lilichukua muda lakini lilikuja, kasa yule alivalishwa Komoro akiwa anataga. Nilimtafuta mzee aliyemnasa, nikamsomea pale forodhani akiwa anashona nyavu. Akaweka sindano chini akaniuliza, "mwanangu, yaani kaogelea kutoka Komoro mpaka hapa?" Nikamwambia ndio mzee. Toka siku hiyo anaita kila akiona kasa, hata asiye na kibati.

Watu wananiuliza kuna malipo? Kwa kibati hakuna, na mtu asikudanganye. Ila jibu ni haki yako, uliza umeletewa nini.

Kwa wenzangu wa Moa, Jasini na huko mpakani, nyie mna kazi ya ziada na mna nafasi ambayo sisi hatuna. Mto Umba unatoka Usambara kwetu unamwagika bahari ya Vanga, mikoko ni hiyo hiyo, wavuvi wa dago, wale wanaohama kambi kwa msimu, kutoka Pemba wanalala Kenya msimu huu na Tanga msimu ujao. Kwa miaka sasa kuna mpango wa eneo moja la hifadhi ya bahari kutoka Diani-Chale mpaka Mkinga, nchi mbili kusimamia kwa pamoja. Msisubiri wakubwa wamalize vikao. Chagueni mtu mmoja wa BMU huku na mmoja wa BMU ya Vanga, mtumie fomu MOJA, maneno yale yale, na kila bamvua la mwezi mpya mbadilishane mlichokiona, hata kama ni sifuri andikeni sifuri. Waambieni maafisa uvuvi wa pande zote mbili toka mwanzo, isije ikaonekana ni jambo la kificho. Watu wa dago wapeni fomu pia, wao wanaona kuliko sisi wote. Na Watamu kule juu kuna Local Ocean Conservation, wavuvi wanawaita wakinasa kasa, wao wanampima, wanamvalisha na kumrudisha, kwahiyo usishangae kibati cha Kenya kikaibukia Sahare.

Kinachovuka mpaka ni habari na picha TU. Gamba, nyama, yai, hata kipande cha ngozi usikipitishe Horohoro kwa kumfanyia hisani mtafiti, kasa wa baharini wote wamo kwenye orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa dunia wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, na utakayekamatwa ni wewe. Mtafiti wa nje akija kijijini kutaka vipimo muulize kibali cha COSTECH, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, na barua ya wilaya, mwenye nia njema anavitoa bila kununa.

Na kumla, naomba sana, tuache. Machi 2024 kisiwa cha Panza, Pemba, ambayo usiku tukiwa mbali tunaziona taa zake, walikufa watoto 8 na mama mmoja kwa nyama ya kasa, na zaidi ya 70 walilazwa. Sumu ile haitoki kwa kuchemsha, na kasa mwenye sumu hana alama yoyote ya kumtambua.

Ukimkuta anataga ufukweni ni habari nyingine, zima tochi, kaa nyuma yake, subiri mpaka mayai yaanze kudondoka ndo usogee kusoma kibati, kabla ya hapo atakatisha arudi majini. Usihamishe mayai wewe, mwite aliyefundishwa. Wazee wa Pangani wanakumbuka kisiwa cha Maziwe kikiwa na miti, kilitengwa rasmi 1975 kwa sababu ya kasa, miti ikaisha, na sasa maji yakijaa kisiwa kinafunikwa chote, ndo maana mayai ya pale yanahamishiwa Ushongo na watu wenye mafunzo, wanayaangalia kama miezi miwili mpaka yaanguliwe. Kasa bado wanakwenda kutaga pale.

Yule jamaa wa Tongoni tulifanikiwa mwishoni. Ng'amba, magamba manne, kibati kushoto, herufi ya pili ina utata kati ya B na 8 kwahiyo tumeandika zote mbili. Ujumbe umetoka siku ile ile kwa watu wanne. Jumatatu zinatimia wiki mbili, nakumbushia.